Somo Yangu Hakutaka Sauti Iliyobanwa

Somo yangu ukimpelekea wimbo uliobanwa ili faili liwe dogo, alikuwa anaujua kabla mwimbaji hajafungua mdomo. "Huu umenyongwa," anasema. Anavua hedifoni, anakurudishia simu yako kwa vidole viwili, kama mtu anayemrudishia muuzaji samaki aliyevunda.

Mie nilikuwa nabisha. Mie ni fundi simu, nimejifundisha mwenyewe kwa kufungua mbovu na kuzifunga, sijashikwa mkono na mtu, na mtu aliyejifundisha mwenyewe ana kiburi, huo ndio ukweli. Nikamwambia, "Somo, faili kubwa na faili ndogo ni wimbo uleule. Sikio la binadamu halijui." Akanikalisha mkekani, akanifunga macho kwa mtandio, akanivisha hedifoni, akanichezea kipande kilekile, mara kizima, mara kilichobanwa. Nikakosea. Akacheza tena. Nikakosea tena, nikauvua mtandio nikautupa huko, nikasema huu uchawi.

Alicheka mpaka akakohoa. "Hasira zako ndizo zinazopiga kelele humo masikioni, mwanangu. Zikinyamaza utasikia."

Nilikuja kusikia. Lakini siyo siku ile.

Sasa kabla sijaenda mbali niseme hili, maana lisiposemwa mtu atadhani nasimulia starehe. Huyu alikuwa somo yangu tangu nilipovunja ungo. Yeye ndiye aliyeniweka ndani, akanifunda usafi, adabu, na baadaye mambo ya mume. Kwetu hapa Tanga somo ndiye mtu mmoja unayeweza kumwambia la chumbani. Mama mzazi humwambii, dada humwambii, shoga ndiyo usimwambie kabisa. Na huyu wangu sikio la kulia lilikuwa limekufa siku nyingi. Lilibaki la kushoto, nalo likaanza kuzima. Wakati linazima mie nilikuwa na jambo la kumwambia, la mie na mume wangu, jambo la kunong'onwa tu. Kila nikichelewa naliona sikio linakwenda, na jambo langu liko palepale kooni. Hiyo ndiyo hofu niliyoishi nayo, na kila ninachokisimulia hapa kimo ndani ya hofu hiyo.

Bendi aliyokuwa akiisikiliza ni ya Waingereza, wanaume watano na magitaa yao. Jina lao alikuwa halitaji. Akiwaita "wale vijana", ingawa kwenye picha za sasa wana mvi na vitambi. Kanda ya kwanza aliletewa na marehemu mumewe aliyekuwa akifanya kazi melini; zilizofuata akawa anatumiwa na binti yake anayeishi hukohuko Uingereza. Binti ndiye aliyeleta na hedifoni zile kubwa za waya, na kidude cheusi kinachokaa katikati ya kompyuta na hedifoni kuitoa sauti ilivyo, nzima, haijapunguzwa kitu. Kiingereza chake Somo kilikuwa cha kuomba chumvi. Maneno hakuyajua wala hakuyauliza. "Maneno mtu anaweza kukudanganya," alikuwa akisema, "lakini pumzi anayovuta kabla ya neno hawezi."

Watu wa Makorora, mtaani kwetu, walikuwa wanamwona kwenye shughuli anapiga ngoma za unyago, anaimba, anacheza mpaka kanga inalowa jasho. Wangejua akirudi nyumbani anasikiliza magitaa ya Wazungu wangesema kapagawa. Mie nilimuuliza siku moja, "Somo, na taarabu je?" Akanijibu, "Taarabu ni kazini kwangu. Mpishi wa harusi akirudi kwake anapika pilau?"

Alikuwa na masharti. Albamu husikilizwa mwanzo hadi mwisho, hairukwi, haikatwi. Na adhana ikilia, kitu chochote kinazimwa. Sasa ukiweka masharti hayo mawili pamoja unapata tabu, kwa sababu adhana ikikukuta katikati, albamu unaianza upya. Kwa hiyo alikuwa anajua ipi inaenea wapi. Ile ya kwanza, fupi, ya kelele, inaenea baina ya Magharibi na Isha. Ile ndefu ya huzuni ni ya baina ya Adhuhuri na Alasiri tu, na hapo ukishapika. Ramadhani hasikilizi kabisa, anakifunika kidude cheusi kwa kitambaa cha kufumwa, kama chombo cha bi harusi. Siku ya Idi pili anakifunua. Mie nikienda kumwamkia siku hiyo, namkuta yuko na vijana wake, hata visheti hajanikaribisha.

Na sikiliza vituko vyake. Mtu huyu nyumbani kwake hataki kitu kibadilike. Kibao cha mbuzi kina msumari wake, ukikitundika msumari wa pili mmegombana. Mie nilisuka mtindo mpya wa nywele akanitazama kama nimevunja sahani. Dada yake alihamia Pemba bila kumuaga vizuri, wakanuniana mpaka watoto wa dada wakaoa. Lakini wale vijana wake wakibadilika, anafurahi! Albamu ya nne waliyatupa magitaa, wakaingiza mashine, ngoma za kompyuta, sauti ya mwimbaji ikakatwa vipandevipande kama mchicha. Binti yake mwenyewe alimpigia akamwambia, "Mama, hawa wameharibika." Somo akamjibu, "Hawajaharibika, wamehama nyumba. Bado wanatafuta swichi ziko wapi." Akaisikiliza hiyo albamu kila siku baada ya Alasiri mpaka nami nikaanza kuizoea. Nikamuuliza mbona dada hakumpa nafasi hiyo. Akasema, "Dada yangu simsikilizi kwa hedifoni." Tukacheka, lakini wiki ile nilimwona anatafuta namba ya Pemba.

Kwenye kunifunda aliwatumia. Wiki ya harusi yangu, nimekaa ndani nimepakwa liwa mpaka nanuka kama duka la Mhindi, akaniwekea wimbo mrefu kutoka albamu ya tano. Humo mpiga gitaa wa pili karibu wimbo mzima hapigi. Lakini gitaa lake limewashwa, na spika yake inatoa kasauti kembamba, kama nyaya za umeme zinavyoimba nguzoni jua likiwa kali. Ukiubana wimbo, hako ndiko kanakokatwa kwanza, mashine inaona hakana faida.

"Msikie yule," akasema.

"Hapigi, Somo."

"Hapigi, lakini hajaondoka. Kaa hapo mpaka usikie kwamba hajaondoka."

Nikakaa. Nikakasikia, na nywele zikanisimama.

"Wengine watakufunda siku mumeo anazogomba na siku anazobembeleza," akaniambia. "Mie nakufunda siku atakazonyamaza. Ujue kumpambanua aliyenyamaza na aliyeondoka."

Kasauti hako ndiko alikokafanya kipimo cha sikio lake. Ijumaa, watu wakishatoka msikitini, anakaa, anauweka wimbo ule, anafumba macho. Akikasikia anainua kidole kimoja kama mtu anayetoa shahada. Mie nakaa mlangoni nasubiri kidole. Wallahi sijawahi kusubiri kitu duniani namna ile, hata majibu ya mtihani. Ijumaa kidole kimepanda, wiki yangu imetulia. Kisha ikaja Ijumaa ambayo wimbo uliisha na mkono wake uko pajani.

Mie nikaruka. "Waya huo! Waya umekufa!" Nikaukunja waya, nikaenda nao Ngamiani kwa kijana aliyeniuzia, nikamwaga maneno mbele ya wateja wake. "Unauza takataka! Mama wa watu kakosa kusikia kwa ajili yako!" Akautazama waya, akauchomeka, ukalia vizuri. Akasema, "Dada, huu mzima." Nikamwambia mzima mama yako. Nikanunua mwingine wa bei mbaya, nikarudi, nikauchomeka. Somo akasikiliza. Mkono haukuinuka. Akauchomoa polepole, akanikabidhi, akasema, "Rudisha. Huu wa zamani hauna kosa."

Nilianza kumpima mwenyewe, kwa wizi. Naangusha kijiko uani. Namwita kwa nyuma kwa sauti ndogo. Nabisha hodi kidogo kuliko kawaida. Akigeuka nafurahi, asipogeuka najiambia alikuwa na mawazo. Akiniona nachungulia anasema, "Unawinda nini humu ndani?" Nasema panya.

Tulipokwenda kijijini Kigombe ndipo nilipokosa pa kujificha. Kulikuwa na harusi, na bi harusi ni wa kufundwa naye. Mie nilimsindikiza, nikakaa mlangoni kuzuia watu. Yule msichana alikuwa na swali lake. Nilimwona amesogea, ameweka mdomo sikioni kwa Somo, ananong'ona, machozi yanamlenga. Somo akatikisa kichwa kwa upole, akamjibu kirefu habari ya kumpokea mume akirudi na uchovu. Yule msichana akamtazama. Si mtu aliyejibiwa yule. Akashukuru, akajifunika kanga usoni.

Njiani kurudi, tuko kwenye bajaji, Somo akaniuliza, "Yule mtoto aliniuliza nini?"

"Sikusikia, Somo. Nilikuwa mlangoni."

"Nami sikusikia. Nimekisia. Wengi huuliza hilo." Akatazama nje kwenye minazi. "Yule sidhani kama aliuliza hilo."

Habari ilifika Tanga kabla ya sisi. Akina mama wakaanza kuwapeleka mabinti zao kwa somo mwingine kule mtaa wa Mabawa. Mie nikapandwa na hasira. Siku moja Mama Zuhura, jirani wa ukuta mmoja na Somo, yuko bombani anawaambia wenzake, "Kwa kiziwi utapeleka siri? Si ndiyo utaitangaza kwa kipaza sauti?" Wakacheka. Nikaweka ndoo chini.

"Rudia."

"Nirudie nini, mwanangu? Nimesema la uongo?"

"Wewe mwanao Zuhura kafundwa na nani? Alipotaka kuachika nani alikwenda akamtuliza? Leo unamwita kiziwi?"

"Sasa akitaka kuachika tena ataenda kumpigia kelele uani tusikie sote?"

Ningempiga kama wasingenishika. Nikammwagia maji yake yote, ndoo mbili, nikaondoka. Kilichoniuma zaidi ni kwamba alikuwa amesema kweli. La chumbani hulisemi kwa kelele. Ukuta wa Makorora ni tofali moja, jirani akipiga chafya unamwambia afya. Mimi mwenyewe langu nilikuwa nimelibeba miezi na sikujua nitalisemea wapi. Mtu ataniuliza si ungemwandikia kwenye simu? Mie natengeneza simu za watu! Najua kilichomo. Mtu anadhani kafuta, mie naifungua namkuta na mapenzi yake na aibu zake. Siwezi kuandika. Na yeye hakutaka. La ndani haliandikwi, ndivyo alivyonifunda.

Daktari alimpima akasema dawa hakuna, lakini iko mashine ya kuvaa sikioni, maneno ya watu atayasikia. Binti yake akasema analeta hata kesho. Somo akauliza swali moja: "Inafanyaje kazi?" Daktari, kijana mzuri tu, akamweleza kwamba mashine inachagua. Sauti ndogo za maneno inazipandisha, kubwa inazishusha, zisizo na maana inazipunguza.

"Inabana," akasema Somo.

"Kidogo, bibi."

"Nani aliyeiambia zipi hazina maana?"

Daktari akacheka. Somo hakucheka. Akavaa ushungi wake tukatoka. Nyumbani nikagomba naye kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nilipiga kelele, na siyo ili anisikie. "Somo, wasichana wanaondoka! Utabaki na nini?" Akasema, "Nitabaki na ninachokisikia, kikiwa kizima." Nikamwambia huo ukaidi. Akanyanyua kichwa, akasema, "Toka nje, ukarudi na adabu." Nikatoka. Nilikwenda mpaka barabarani nikarudi, nikapiga magoti, akanipa chai kama hakuna kilichotokea.

Halafu wale vijana wake wakatoa albamu mpya. Walikuwa kimya miaka. Binti akaituma, mie nikaipakua nzima, faili zile nzito, nikampelekea nina furaha kama naleta mtoto. Aliisikiliza baina ya Adhuhuri na Alasiri, mwanzo hadi mwisho. Alipovua hedifoni akasema, "Wamezeeka. Wamepiga kama watu wasiotaka kuwaamsha majirani. Hakuna hata tasa moja."

Mie nilikuwa nimeisikiliza kabla yake. Ile albamu ina matasa kila mahali, zile sahani za shaba za mpiga ngoma. Yanamwagika kama mchele kwenye ungo. Yeye hakuyapata. Nikasema, "Ndiyo, Somo, wametulia." Nikaenda chooni nikakaa huko mpaka nikaweza kutoka.

Mara ya mwisho ninayotaka kuisimulia ni juzi, mwezi uleule wa albamu mpya. Nilikuwa nimechomoa kinasa sauti, yaani maiki, kwenye simu iliyokufa, kizuri, cha simu ya ghali, nikakichomelea kwenye waya mrefu, nikakijaribu mezani kwangu mpaka nikaridhika. Nikaenda kwake mchana.

"Shikamoo, Somo."

Akautazama mdomo wangu. "Marahaba. Umebeba nini? Unatengeneza redio?"

Sikumjibu. Nikamvisha hedifoni. Nikachomeka kinasa changu kwenye kompyuta yake, kisha kidude cheusi, kisha yeye. Nikaenda pembeni kabisa, nikampa mgongo asinisome midomo, nikakiweka kinasa karibu na meno. Nikanong'ona, kwa pumzi tu, mwenyewe nilikuwa sijisikii: "Inua mkono wa kushoto."

Nikageuka. Mkono wa kushoto uko juu.

Tulitazamana. Akafumba macho kama anavyofumba albamu ikianza. Nikajua ndipo hapa pa kulisema. Nikageukia ukuta tena, nikasema. Nilisema lote, kuanzia lilipoanza, na nililifikisha mpaka pale ambapo hata mwenyewe nilikuwa sijafika kichwani. Nililosema siliandiki hapa. Ni la mie na mume wangu na yeye. Nilipomaliza nilikuwa nimeloa jasho. Nje Mama Zuhura anafagia uani kwake, fyaa, fyaa. Nikasubiri.

"HAYO TU?"

Wallahi niliruka. Somo kapiga kelele kama anamwita mtu kutoka Mabawa. Ufagio wa Mama Zuhura ukasimama.

Nikampungia mkono: chini, chini!

"NINI? MBONA UNANIPUNGIA? HAYO TU NDIYO YALIYOKUKONDESHA?"

Nikamvua hedifoni mie mwenyewe. Nacheka nalia, sijui kipi. Alikuwa ananitazama usoni, na uso wake ukaanza kubadilika.

"Nimepiga kelele?" akauliza.

"Sana, Somo."

"Sikujisikia." Akajishika koo. "Tangu lini nasema hivi?"

Nilitaka kumdanganya. Lakini huyu mtu hajanidanganya hata siku moja, hata nilipotaka. Nikasema polepole, midomo wazi ili aione: "Tangu kabla ya Ramadhani."

Alikuwa anawahesabu wote aliowajibu tangu hapo, naona, mmoja mmoja. Miezi yote tulikuwa tunagombania anachosikia. Hakuna aliyefikiria wanachosikia watu yeye akifungua mdomo.

"Ile mashine," akasema, "mtu akiivaa anajisikia mwenyewe?"

"Anajisikia."

"Itabana."

"Itabana, Somo."

Akavuta pumzi. "Watu hawajawahi kuja kwangu wazima. Kila mmoja anakuja kajibana mwenyewe, mie ndiye najazia. Hilo naliweza. Lakini siwezi kumrudishia mtu siri yake kwa kelele." Akakisukuma kidude cheusi pembeni kidogo, siyo kwa hasira. "Hedifoni hizi zitabaki zangu na wale vijana. Hiyo mashine itakuwa ya kazi."

Kisha akanivuta kichwa, akaweka mdomo sikioni kwangu anijibu. Akanipa mkono wake nikaushika. Sauti ikipanda naubana, anashuka, ikipanda tena naubana, anashuka. Hivyo hivyo, pole pole, mpaka akamaliza yote aliyokuwa nayo, na ufagio wa upande wa pili ulikuwa bado haujaanza tena. Hayo nayo siyaandiki.

"Haya," akasema akinisukuma. "Mpigie binti yangu."

Nikapiga palepale, kabla hajaghairi. Simu ikawa inaita, na Somo amekaa ananitazama mdomo, aone kama imepokewa.